Gari Lililomlilia Tata

Mjukuu wangu amerudi kutoka dukani na chupa ndogo ya mafuta ya mbarika, ya kupaka nywele, anasema zinarefuka. Aliponifungulia ninuse nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Kwake hiyo ni harufu ya urembo. Kwangu ni harufu ya Jumamosi moja kando ya barabara ya Thika kwenda Ruiru, gari linatoa mvuke, bibi harusi ameinamia injini, na mimi nimesimama pembeni nimeficha mikono nyuma. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Siku zetu mafuta ya mbarika hayakuuzwa kwa chupa yenye picha ya msichana. Yalikaa kwenye kibuyu nyuma ya mlango wa bibi yako, na yalipakwa kila kitu: mtoto mchanga, kisigino kilichopasuka, ngozi ya ng'ombe, bawaba ya mlango. Kitu kikilia, kilipakwa mafuta. Hapo ndipo tulipokosea.

Tulikaa Kiganjo, hapo Thika. Baba yangu alikuwa mwashi, na kwa kujinyima sana alikuwa amenunua gari kuukuu kwa mzungu mmoja wa kahawa aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Lilikuwa na bodi ya mbao kwa nyuma, na mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Baba aliliita Kahora, maana yake polepole, na hakuna aliyebisha. Lakini lilikuwa gari, na mwenyewe alikuwa baba yangu. Shuleni nilivimba kichwa hata nikawa siombi mtu kifutio.

Nyumbani kulikuwa na bibi yangu, mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Cucu. Kulikuwa pia na Wangari, dada mdogo wa Baba, shangazi yangu, ambaye kwa Kikuyu nilimwita Tata. Mimi nilipewa jina la Cucu, Nyambura, na kwetu ukipewa jina la mtu umekuwa mtu huyo. Kwa hiyo Baba na Tata hawakuniita kwa jina. Waliniita Maitu, yaani mama yetu. Tata akinisuka nywele alisema, "Maitu, tulia kidogo." Akinikosea alikuja kuniomba msamaha kama mtoto anavyomwomba mzazi. Cheo hicho nilikichukua kwa uzito wote. Nilikuwa na umri wa miaka minane na watoto wawili watu wazima, na mmoja wao alikuwa na masharubu.

Tata alikuwa fundi wa nguo. Alijifunza misheni, kisha akapata kazi kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mjini, akiendesha cherehani ya miguu kati ya mafundi wanaume wanne. Jioni alirudi na nyuzi kwenye nywele, na usiku tulilala kitanda kimoja, miguu yangu baridi nikiibandika kwenye vigimbi vyake mpaka apige kelele. Sikujua kama kuna mpangilio mwingine wa maisha. Halafu akatokea kijana anaitwa Kariuki, wa kiwanda cha kukoboa kahawa kule Ruiru, mpole, mwenye meno mazuri, na kila mtu akafurahi isipokuwa mimi. Siku zile hukutoka kijijini bila pasi, kile kibali cha serikali ya mkoloni. Ruiru, ambako leo mtu anashuka kununua mkate na kurudi, kwangu kulikuwa sawa na Ulaya.

Wiki chache kabla ya harusi, Kahora alianza kulia.

Ulikuwa mlio mwembamba, mrefu, unaokwaruza meno. Baba akizungusha hendeli ya kuwashia asubuhi, injini ikishika tu, kiiiii, kuku wanatawanyika, mbwa wa jirani anajibu. Ulidumu kidogo kisha ukafifia. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema injini ina kiu ya oili. Mwingine alisema ni panya amenaswa. Mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alitikisa kichwa akasema gari likishalia hivyo linataka kumrudia mwenyewe wa kwanza.

Mimi peke yangu nilijua sababu, na sikumwambia mtu. Cucu alikuwa amenisimulia jinsi yeye alivyoolewa. Zamani zao, wanawake wa upande wa bwana walikuja wakambeba bibi harusi mabegani, naye alitakiwa kulia njia nzima, na baada ya hapo aliimba na kulia siku kadhaa, ili watu wajue kwao alipendwa na hakutupwa. "Mimi nililia mpaka sauti ikakauka," Cucu alisema kwa majivuno. "Huyu Wangari wetu hata chozi moja hana. Anacheka tu." Ilikuwa kweli. Tata alikuwa anashona gauni lake mwenyewe huku anaimba. Kwa hiyo nilipiga hesabu yangu: lazima kuna mtu wa kulia, Tata hataki, basi Kahora amejitolea kulia kwa niaba yake. Nililipenda gari lile kwa jambo hilo. Asubuhi nilikuwa nasimama karibu na taa zake nikilipapasa.

Baba aliona aibu kumpeleka dada yake kanisani na kelele zile, akaenda kwa Mistri Harbans, fundi Singasinga aliyekuwa na gereji karibu na stesheni. Nilimfuata. Mistri hakugusa spana. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akafumba macho, akamwambia Baba awashe injini. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi. Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha moja akaiweka kwenye kifuniko cha dainamo na mpini akaubandika sikioni. Akatikisa kichwa. Akaiweka kwenye pampu ya maji. Akatikisa tena.

"Hapana injini," alisema. "Hapana dainamo. Hii mukanda nalia."

Akatuonyesha. Ulikuwa mkanda mweusi wa mpira, mnene kama kidole gumba, umezunguka magurudumu matatu: moja la injini, moja linalozungusha feni pamoja na pampu ya maji, na moja la dainamo. Alichovya vidole kwenye kikombe cha maji akaurushia matone. Kelele ikakatika. Tukahesabu mpaka tano, kelele ikarudi.

"Ona. Nakunywa maji, nanyamaza. Nakauka, nalia tena. Mukanda nazeeka, nang'aa kama kiatu ya askari. Na iko legea." Alizima injini, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukazama. Akalegeza bolti ya dainamo, akaivuta dainamo nje kwa ubao, akakaza. Safari hii kidole hakikuzama sana. "Mupya nakuja toka Nairobi Jumanne. Mpaka ile siku, Bwana Mwashi, hapana gusa. Hapana paka kitu. Unasikia?"

Baba alisikia. Mimi nilisikia pia, lakini nilikuwa naangalia ndevu zake zilivyofungwa kwa wavu. Cucu hakuwepo; jioni nilimwambia tu kwamba kinacholia ni mkanda.

Harusi ilikuwa Jumamosi, siku tatu kabla ya hiyo Jumanne. Asubuhi Baba alipomtoa Kahora nje apambwe maua, gari lililia kidogo tu, kama mtu anayevuta makamasi. Baba akaridhika, akaenda kuoga. Mama yangu na wanawake wengine walikuwa wametangulia kwa lori na nyimbo zao. Cucu akatoka ndani, kibuyu mkononi, akaniita kwa kidole.

"Mwenzangu, njoo. Huo mkanda uko wapi?"

Mnaowakumbuka bibi zetu mnakumbuka mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, wa kubebea kuni na maji. Wa Cucu ulikuwa na miaka arobaini na ulikuwa laini kama sikio. Kila mwezi aliupaka mafuta ya mbarika. "Mkanda mkavu hulia," aliniambia sasa, ameinama kwenye boneti. "Unaolia hukatika. Ukikatika, mzigo uko chini. Na leo mzigo ni mtoto wangu." Vidole vyake vilikuwa vinene, havikuingia kati ya feni na rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini. Vyangu viliingia. Nilimimina kiganjani nikaupaka, ndani na nje, kila mahali nilipofika, nikisugua kwa upole huku nikinong'ona pole. Ukawa unametameta. "Usimwambie baba yako," Cucu akasema akifuta kibuyu. "Wanaume hawajui mikanda. Umewahi kumwona mmoja akibeba kuni?"

Sikuwahi.

Tulitoka Thika saa tatu na nusu. Baba kwenye usukani, na koti ambalo halikufunga. Tata kando yake, gauni limejaa mpaka kwenye gia. Mimi na Cucu nyuma, pamoja na vikapu vya zawadi. Pasi ilikuwa kwenye mfuko wa Baba, ya siku hiyo moja tu. Ndoa ilikuwa saa tano. Mchungaji alikuwa ametuma habari kwamba saa sita kamili ataondoka kwa ibada nyingine mbali sana, na kwamba hatarudi Ruiru mwezi mzima. Tata alikuwa amemwambia Baba hayo mara tatu tangu asubuhi.

Kwa muda mfupi Kahora alikimbia kimya kabisa. Cucu alinifinya paja kwa furaha. Kisha likaanza, na halikuwa kiiiii ile ya zamani. Lilikuwa yowe. Watu waliokuwa wakikata mkonge pembeni waliinua vichwa. Taa nyekundu ya dainamo ikawaka kwenye dashibodi, Baba akaipiga kofi, haikuzimika. Tukateremka mpaka mto Ndarugu, tukavuka daraja, na tulipoanza kupanda kilima upande wa pili mvuke ukatoka mbele kwa nguvu, harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani, na Kahora akasimama.

"Dainamo imekufa," Baba alisema. "Beringi zake zimesagika. Niliambiwa siyo, lakini ni beringi." Alishuka, akafungua boneti, mvuke ukamrudisha nyuma hatua mbili. Tata alitaka kushuka aone. "Wewe ni bibi harusi, kaa ndani!" Baba alimkemea. Akaangalia saa, akavua koti, akaanza kukimbia kuelekea Juja, kwenye kiwanda cha mkonge, kumtafuta fundi. Sijawahi kumwona baba yangu akikimbia kabla ya siku hiyo. Kwa nyuma alionekana mdogo.

Cucu alishuka taratibu, akatoa debe na mukwa wake, maana hakusafiri popote bila mukwa hata akienda harusini, akasema anakwenda mtoni kuteka maji ya rejeta. Aliteremka kilima bila kuniangalia. Nikabaki na Tata.

Niseme ukweli, maana nimezeeka na hakuna wa kunichapa. Nilikuwa na furaha. Niliamini Kahora amekataa kumpeleka. Alilia kwa siku nyingi, hakusikilizwa, sasa amegoma. Ningekuwa gari na mimi ningegoma pale pale. Niliona tayari jioni yetu: Tata amerudi, gauni limetundikwa ukutani, miguu yangu baridi mahali pake.

Tata alishuka. Alichukua leso ya Cucu akaifunga juu ya gauni, akakunja mikono ya lesi mpaka kwenye viwiko, akainua boneti. Mvuke ulikuwa umepungua. Kwanza alibonyeza mkanda kwa kidole gumba, vile vile kama Mistri. Haukuzama. "Haujalegea," alisema peke yake. Alishika gurudumu la dainamo, akalizungusha huku na huku, sikio karibu. "Halikwaruzi. Siyo beringi." Kisha akashika panga la feni akalisukuma. Feni ikazunguka, lakini mkanda ulikaa pale pale, hausogei, kama mtu anayetelezewa na samaki mkononi. Tata alisimama akiutazama. Alifuta kidole gumba kwenye leso, polepole sana.

"Njoo tukae, Maitu," alisema. "Injini bado ni ya moto."

Tulikaa kwenye kibao cha kukanyagia mlangoni. Mikono yangu niliiweka nyuma.

"Unajua cherehani yangu ina mkanda pia?" alianza. "Wa ngozi. Unatoka gurudumu la chini, la miguu, unapanda mpaka la juu. Siku yangu ya kwanza dukani ulikuwa unalia. Mimi na akili zangu za nyumbani nikautia mafuta, ya cherehani yenyewe. Wui! Nilikanyaga, miguu inakwenda, sindano haiendi. Wale wanaume walicheka mpaka mwenye duka akatoka nje. Mzee mmoja akaniambia, binti, mkanda wa kubeba hupakwa mafuta, lakini mkanda wa kuzungusha kazi yake ni kushika. Ukiupaka mafuta utashikaje? Utateleza, na ukiteleza utapiga kelele zaidi." Akaelekeza kidevu kwenye boneti. "Na huu wa gari ukiteleza, pampu haizunguki. Maji yanachemka. Gari linasimama."

Nilikuwa nasikiliza, nikaelewa. Kahora hakuwa amegoma. Hakuwa analia kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuwa anateleza, na aliyemtelezesha ni mimi.

"Tata, tukichelewa itakuwaje?"

"Mchungaji ataondoka. Pasi yetu ni ya leo, na sijui nyingine tutapewa lini."

"Na wewe?"

"Nitarudi nyumbani na nyinyi."

Alisema bila kunilaumu, akiangalia barabara upande wa Ruiru. Ningenyamaza tu, yote yangekuwa kama nilivyotaka. Hakuna aliyejua isipokuwa Cucu, na Cucu asingesema. Gari moja la mzungu lilipita kasi, likatuachia vumbi. Kutoka kwenye shamba la mkonge ikagongwa kengele ya chuma. Tata aliinua kichwa akaihesabu, midomo ikisogea. Saa tano. Maua kichwani mwake yalikuwa yameanza kulala. Alitoa kikopo cha sindano alichokuja nacho, endapo gauni litararuka, akakifungua, akakifunga, akakifungua tena, na sindano moja ikamdondoka. Tata, ambaye aliweza kupitisha uzi kwenye sindano gizani. Nilimtazama nikaona kwamba kilichomzuia kulia ni kutaka kwenda. Alitaka sana. Na kwamba mtu anaweza kutaka kwenda huku bado anakupenda. Mpaka siku ile sikujua.

"Tuliupaka mafuta," nilisema.

"Nini?"

"Mkanda. Mimi na Cucu. Ya mbarika. Asubuhi, Baba akioga. Ulikuwa unaumia." Kisha, maana ukishaanza kutapika huwezi kuchagua, nikamaliza yote: "Na nilinyamaza kwa sababu sitaki ufike."

Tata alinigeuza, akaitoa mikono yangu nyuma, akaishika yote miwili. Nilingoja kofi. Badala yake alicheka, kile kicheko chake kikubwa cha barazani, mpaka maua mawili yakaanguka.

"Asante, Maitu," alisema. "Sasa kazi! Leta ile spana ya baba yako chini ya kiti."

Nimeona mafundi wengi tangu hapo, na sijaona aliyefanya kazi kwa furaha kama Tata. Alilegeza bolti ya dainamo, akautoa mkanda kwa kuupitisha panga moja moja la feni. Cucu alipotokea na debe mgongoni, paji la uso limebana kwenye mukwa, Tata alimpokea kwa maneno haya: "Mama, umenipaka mafuta ya harusi mpaka kwenye injini?"

Cucu alitua debe kwanza. Hakuwa mtu wa kukimbilia kujitetea. "Mukwa wangu nimeupaka miaka arobaini," alisema, "na haujawahi kunitupa."

"Wako unabeba, Mama. Huu unashika."

Cucu aliufikiria. Aliuchukua ule mkanda, akauvuta, akaunusa. "Basi wangetuambia," alisema, na hapo akafungua kikapu cha zawadi mwenyewe, akatoa mche wa sabuni uliokuwa wa maharusi, akapiga magoti barabarani na kuanza kuufua mkanda wa gari kama soksi.

Tuliufua mara tatu. Magurudumu niliyafuta mimi, kwa kitambaa chenye sabuni, vidole vyangu vyembamba vikirudi kule kule vilikokosea asubuhi. Tukasuuza, tukakausha kwa leso na upepo. Kisha Tata akafungua kikopo chake, akatoa chaki ya fundi nguo, ile bapa ya kuchorea vitambaa, akausugua mkanda pande zote mpaka ukawa mweupe. "Ukitaka kushika, uwe mkavu," alisema. Tukaurudisha. Cucu akasukuma dainamo kwa fimbo huku Tata akikaza bolti, na mimi ndiye niliyepewa heshima ya kubonyeza kwa kidole gumba. Ulizama kidogo, vizuri. Tukajaza rejeta.

Baba alirudi peke yake. Kiwandani kulikuwa na fundi, lakini alikuwa amekwenda Nairobi. Alikuja anavuta miguu, shati limelowa, amekwisha kutunga maneno ya kumwambia dada yake. Niliyaona usoni mwake. Tata hakumpa nafasi ya kuyasema.

"Hendeli, kaka. Zungusha."

"Wangari, beringi..."

"Zungusha!"

Alizungusha. Kahora alikohoa, akashika, akatoa kilio kimoja kifupi cha mwisho, na wingu dogo la chaki likapanda kutoka kwenye boneti. Kisha kimya. Injini peke yake, tuku tuku tuku. Taa nyekundu ikazimika. Baba alitutazama mmoja mmoja: dada yake mwenye oili mpaka kwenye viwiko, mama yake mwenye povu, na mimi. "Nani amegusa gari langu?" aliuliza.

"Wanawake watatu," Cucu alijibu akipanda. "Endesha."

Tulifika Ruiru Cucu akipiga vigelegele dirishani tangu nyumba ya kwanza. Saa sita ilikuwa imepita kidogo. Mchungaji alikuwa juu ya baiskeli, Biblia imefungwa nyuma, mguu mmoja kwenye pedali, na hakuwa ameondoka kwa sababu moja tu: Kariuki mpole, mwenye meno mazuri, alikuwa amekishika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili na alikuwa hakiachii. Koti lake lilikuwa limepasuka kwapani. Kuanzia hapo nilimheshimu. Mchungaji aliposhika mkono wa Tata ili apewe pete, aliangalia zile kucha nyeusi, akamwangalia usoni. "Umetoka shambani, binti?" Tata akasema, "Nimetoka safarini, mchungaji." Kanisa zima lilicheka, na nami nilicheka kwa sauti kuliko wote, mpaka nikajikuta ninalia katikati ya kicheko, na Mama akanifuta kwa kona ya nguo yake bila kuuliza.

Jumanne mkanda mpya ulifika, ukafungwa. Baba alimweleza Mistri Harbans kisa chote, na Mistri alikaa juu ya tairi lake akacheka hadi kilemba kikapinda. Akaniita mimi fundi.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na wajukuu, nilikwenda kumwona Tata kwake Ruiru. Alikuwa amekwisha kuwa bibi kizee, Kariuki ametangulia, na pande zote za shamba lao zimejaa nyumba za watu wenye magari yasiyojua kulia. Tulikuwa tunachambua njegere barazani. Nilimkumbusha siku ile, nikajisifu kidogo jinsi nilivyookoa harusi yake kwa kusema ukweli. Alitabasamu bila kuinua kichwa.

"Nilijua kabla hujasema," alisema. "Nilipougusa tu ule mkanda, kidole kiliteleza. Na wewe ulikuwa umeficha mikono."

Njegere ziliniponyoka. "Sasa mbona ulikaa? Mbona ukanisimulia habari za cherehani?"

"Injini ilikuwa moto, hatungeweza kuishika. Nilikuwa na nafasi ya kukungoja."

"Na ingepoa kabla sijasema?"

"Ningekungoja."

"Hata mchungaji aondoke?"

Tata aliweka bakuli chini, akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Ningeolewaje, Maitu, na wewe hujaniruhusu?"